Mianzi ya Kumzika Angolile

"Acheni kukata!" Tusekile alipaza sauti. "Jamani, kidogo tu, acheni!"

Wanaume walikuwa wametapakaa mteremko mzima. Mapanga yalipanda na kushuka, mianzi mibichi ikaanguka kwa mafungu. Hakuna aliyegeuka isipokuwa Lwitiko, mdogo wa marehemu Angolile, ambaye ndiye aliyekuwa karibu na Tusekile kuliko wote. Aligusa kisikizi kilichokuwa sikioni mwake, akatabasamu bila furaha, akawauliza wenzake:

"Ninyi mnasikia kitu?"

"Mimi nasikia kama mtu anakaanga samaki," alijibu mmoja.

"Basi mwambieni apunguze moto, wataungua hao."

Wakacheka, wakaendelea kukata.

Katika mji wa Ikapila hakuna mtu mzima aliyetoka nje bila kisikizi. Visima vya mvuke vilivyokuwa bondeni vilinguruma usiku na mchana, na asiyeziba masikio alikuwa kiziwi kabla watoto wake hawajamaliza shule. Kisikizi kilizima kelele na kupitisha sauti za watu. Kipi kiitwe kelele na kipi kiitwe sauti, hilo liliamuliwa na halmashauri ya mji. Tangu mwezi uliopita, sauti ya Tusekile ilikuwa imewekwa upande wa kelele. Hakufungwa wala hakufukuzwa. Aliachiwa nyumba yake na njia zote za kupita, ila alipofungua kinywa watu walisikia mchemko tu.

Lwitiko angeweza kukivua chake akamsikiliza. Hakukivua.

"Najua unachotaka," alisema polepole, ncha ya panga ikimwelekea miguuni. "Unataka ndugu yangu azikwe bila kibanda. Umemuua, na sasa unamnyima hata kivuli. Ondoka hapa, mama, kabla sijasahau kwamba leo ni siku ya msiba."

Tusekile hakuondoka. Alisogea nyuma kidogo, akapiga magoti penye shina la kwanza ambalo halijaguswa, akafungua kipimo chake.

Mianzi yote ya mteremko ule ilikuwa mmea mmoja. Juu ya ardhi mtu aliona maelfu ya miti, lakini chini ulikuwa mzizi mmoja uliosukwa kama mkeka, kutoka ukingo wa mto hadi nyuma ya kanisa. Tusekile aliligundua hilo akiwa bado fundi wa kusuka kuta za mianzi hai, kazi aliyojifunza kwa mama yake. Aliona kwamba ukipigilia msumari wa shaba katika mzizi, unapata umeme mdogo sana, unaoelekea upande mmoja. Jua lilipowaka uliongezeka. Mvua iliponyesha ulipungua. Na kila mara ardhi ya Ikapila ilipotetemeka, siku hiyo hiyo au siku moja kabla, umeme ule uligeuka na kuelekea upande wa pili. Ardhi iliubana mzizi, na mzizi ukasema. Hakuwa na neno bora zaidi la kulieleza jambo hilo, na hakuona aibu kwa kukosa neno.

Mshale wa kipimo sasa ulikuwa kushoto. Umegeuka.

Ulikuwa hivyo hivyo mwezi uliopita, asubuhi ile alipobonyeza kengele ya mji na watu wote wakakimbilia daraja la kamba. Tetemeko halikuja. Angolile alikanyagwa darajani, mbavu zikaingia ndani, akalala hospitali hadi juzi alipofariki.

Tusekile aliutazama mshale. Panga la Lwitiko likapiga, mshale ukaruka. Panga la mtu mwingine likapiga kule juu, mshale ukaruka tena, hafifu zaidi.

Asubuhi ile ya kengele kulikuwa na msiba. Mchungaji mzee alikuwa amefariki upande wa kanisani, na wanaume wa kule walikuwa wakikata mianzi.

Alikuwa amepitia kila kitu mwezi huu wote: mvua, jua, visima, malori, hata radi. Msiba hakuupitia. Nani wa Ikapila angeupitia? Kibanda cha waombolezaji hujengwa kwa mianzi iliyokatwa asubuhi ya mazishi. Huikata wanaume wote kwa pamoja, katika mteremko ule ule aliokuwa akiutazama marehemu kutoka mlangoni kwake. Haitumiki ya jana wala ya kununua. Jambo hilo lilikuwa la kawaida mno kiasi kwamba hakuna mtu aliyelitia maanani, kama vile mtu asivyotia maanani kwamba anapumua.

Basi mshale huu ungeweza kuwa mapanga tu. Ungeweza pia kuwa ardhi, na mapanga yakawa juu yake. Hakukuwa na njia ya kujua maadamu walikuwa wakikata. Na nyuma yake, katika ukumbi wa mawe wenye paa la zege, mtaa mzima ulikuwa umeketi na maiti.

*

Mlangoni mwa ukumbi kulikuwa na kapu kubwa. Ikapila haikumlilia mtu ikiwa na visikizi masikioni. Kila aliyeingia alikivua chake, akakitia kapuni, na kuta nene zikazuia mngurumo wa bondeni. Pale tu ndipo Tusekile angeweza kusikika. Alitia chake, akaingia.

Kilio kilikatika mstari kwa mstari, kuanzia mlangoni kwenda mbele, kadiri watu walivyomtambua.

"Mungu wangu," alisema shangazi wa marehemu, kikongwe mwenye fimbo. "Amekuja kuangalia kama tumebaki wengi."

"Mtoeni huyo!"

"Mwacheni apite kwanza nimwone vizuri usoni."

Mtu alinyoosha mguu, naye akajikwaa, karibu aanguke. Hakuna aliyemshika. Alifika mbele, ambako Atuganile, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkono mmoja juu ya jeneza. Tusekile aliketi chini kabisa, chini kuliko mkeka.

"Pole, dada," alisema.

Atuganile hakuipokea pole hiyo. "Sema kilichokuleta."

"Naomba uwaambie wanaume waache kukata. Kwa muda mfupi tu."

Ukumbi ulinguruma. Atuganile aliinua kiganja, wakanyamaza.

"Kwa nini?"

"Mshale umegeuka kama siku ile. Huenda ni tetemeko. Huenda ni mapanga yanaukata mzizi. Wakiacha nitajua."

"Na kama ni mapanga?"

Tusekile alikuwa amelifikiria jibu hilo tangu mteremkoni, na hakuwa amepata namna ya kulilainisha. "Kama ni mapanga, basi na siku ile yalikuwa mapanga. Ya msiba wa mchungaji."

Mjane alimtazama. Alikuwa na macho makavu, mekundu pembeni.

"Kwa hiyo unakuja hapa," alisema, "mbele ya mume wangu, uniombe nikupe nafasi ya kujua kama alikufa bure."

"Ndiyo."

"Mnamsikia?" alipiga kelele shangazi. "Mnausikia ulimi wa huyu mtu? Wala haoni haya!"

"Nimemsikia, shangazi. Sote tumemsikia, ndiyo maana ya kuvua visikizi." Atuganile akamgeukia mpwa wake aliyekuwa karibu. "Mwite Lwitiko. Mwambie waje wote wapate togwa, wayaweke mapanga hapo mlangoni." Kisha akamwambia Tusekile: "Lakini hutalijua ukiwa kwako. Lete chombo chako hapa. Utalijua hapa hapa, na yeye akiwapo."

*

Wanaume waliingia na harufu ya utomvu na jasho. Walikuwa wamerundika mapanga kwenye nyasi mbele ya mlango. Lwitiko alisimama nyuma ya Tusekile, karibu mno.

Tusekile aliweka kipimo sakafuni. Waya haukuhitajika, misumari kule mteremkoni ilituma yenyewe. Watu wa mbele waliinama kutazama, wa nyuma wakasimama. Mshale ulitetemeka upande wa kushoto. Ukatulia. Kisha, taratibu kama mtu mzima anayejigeuza kitandani, ukaanza kurudi. Ukapita katikati. Ukalala kulia, mahali pake pa kila siku.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa, ila Atuganile alitaka kuelezwa.

"Maana yake nini? Sema kwa mdomo wako."

"Ni mapanga," alisema Tusekile. "Ardhi imetulia. Siku ile pia yalikuwa mapanga. Nilikosea, na Angolile akafa kwa ajili hiyo."

Kisha kitu kikampiga begani, kiatu cha mtu, na sauti zote zikafunguka pamoja. Mwanamke mmoja alimwita mchawi, mwingine akasema afadhali mchawi, mchawi huua akijua anamuua nani. Shangazi alitema mate sakafuni karibu na goti lake. Lwitiko alimshika ukosi wa gauni, akamwinua.

"Shemeji, niruhusu."

"Mtoe tu," alisema Atuganile. Alikuwa ameweka paji la uso juu ya ubao wa jeneza. "Usimguse zaidi ya hapo. Mtoe."

Lwitiko alimburuta hadi mlangoni na kumsukuma nje, kipimo kikatupwa nyuma yake kwenye nyasi. Mngurumo wa visima ukamjaa kichwani. Kisikizi chake kilikuwa kapuni, na hakuwa na ujasiri wa kurudi kukichukua. Alikaa kwenye nyasi, pembeni ya rundo la mapanga, akihisi begani palipopigwa. Hakuwaza kwamba ameonewa. Alichowaza ni kwamba mzizi ulisema kweli muda wote, ila yeye alidhani anayemsikia ni ardhi.

Aliokota kipimo ili aondoke nacho. Alikitazama kwa mazoea tu.

Mshale ulikuwa ukielekea kushoto.

Aliyatazama mapanga. Yalikuwa pale, yote, yamelala moja juu ya jingine na utomvu unakauka. Wanaume walikuwa ndani na vikombe mkononi. Mteremkoni hapakuwa na mtu. Aliukung'uta mkono, akakigeuza kipimo, akafuta kioo kwa kiganja. Mshale ulifika kushoto, ukapita pale ulipokuwa asubuhi, ukaenda mbali zaidi, mahali ambapo hakuwahi kuuona.

Ukumbi ulikuwa na milango miwili, kila mmoja wa kupita watu wawili wakibanana. Akipiga kelele, kuna watakaomcheka na kuna watakaokimbia. Watakaokimbia watawakanyaga watakaokaa. Aliijua sauti ya mbavu za mtu zikivunjika chini ya miguu ya watu. Alikuwa ameisikia darajani. Na asipopiga kelele, wataendelea kukaa chini ya zege lile, na yeye atakuwa nje peke yake, salama, na hakuna atakayebaki wa kumlaumu.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa Ikapila halifanyi. Habaki chini ya paa ambalo maiti wake ameshatoka.

Aliingia tena.

*

Safari hii hawakunyamaza. Alipita katikati ya matusi, ameinamisha kichwa, hatembei haraka. Kutembea kwake polepole ndiko kulikomfikisha, maana kila mtu alidhani mwenzake ndiye atakayemzuia. Alichuchumaa karibu na sikio la Atuganile.

"Mtoe nje," alinong'ona.

"Nani?"

"Angolile. Mtoeni sasa, kwa wimbo, kama mnavyomtoa kwenda kaburini. Watu watamfuata. Usiwaambie kwa nini."

Atuganile aliinua uso. Lwitiko alikuwa ameshafika, mkono wake ukamshika Tusekile shingoni kwa nyuma.

"Mara ya pili?" alisema. "Mara ya pili, leo leo? Umetoka kusema ni mapanga!"

"Mapanga yako nje. Mmeyaweka wenyewe."

"Una uhakika?" aliuliza Atuganile.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Tusekile alilisikia neno lile likimjia mdomoni, fupi, lenye kufaa. "Hapana," alisema. "Mwezi uliopita nilikuwa na uhakika. Leo najua tu kwamba hakuna anayekata, na mshale umegeuka."

Vidole vya Lwitiko vilikaza. Mjane aliutazama uso wa Tusekile, kisha akatazama juu, kwenye zege, ambako bundi wa plastiki wa kufukuzia njiwa alikuwa amening'inia tangu ukumbi ujengwe. Akashika ukingo wa jeneza, akasimama.

"Lwitiko. Shika kichwani."

"Shemeji, kibanda hakijafika hata nusu. Mvua ile inakuja. Tutamweka wapi?"

"Shika kichwani, nimesema. Mume ni wangu." Kisha yeye mwenyewe, kwa sauti iliyokwaruza, akaanzisha wimbo.

Wanawake waliupokea kwa mshangao, mstari wa pili ndio ukawa na nguvu. Jeneza lilipanda mabegani. Watu walisimama kwa desturi tu, wakajipanga nyuma yake, wazee kwanza, mikono kifuani, hatua fupi fupi za mazishi. Mlangoni, waliotangulia walianza kuinamia kapu, kila mtu akitafuta kisikizi chake, na msongamano ukaanza.

"Viacheni," alisema Atuganile bila kugeuka. "Mtamzika mtu au mtachagua vyombo?"

Wakaviacha.

Tusekile alikuwa wa mwisho, nyuma ya shangazi. Kikongwe alikwenda kwa fimbo, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi na kumtukana. Tusekile alitaka kumbeba. Alitaka kumpigia kelele. Alimfuata kwa mwendo ule ule, akitazama kisogo chenye kitambaa cheusi na ile nuru ya mlango iliyokuwa mbali, akaitikia wimbo asioujua vizuri, hadi wote wawili wakakanyaga nyasi.

Walimweka Angolile kwenye uwanja wa wazi. Mngurumo wa bondeni uliwapiga masikio matupu, wakalazimika kuimba kwa kupiga kelele. Wingu lilikuwa limeshuka hadi nusu ya mlima. Wimbo ukaisha, wa pili ukaisha. Watu wakaanza kutazamana. Tone la kwanza likadondoka juu ya ubao.

"Tumrudishe ndani!" alisema Lwitiko kwa sauti kubwa, na wabebaji wakainama, mikono chini ya jeneza.

"Mmoja tena," alisema Atuganile.

"Shemeji!"

"Mmoja."

Walikuwa katikati ya ubeti ardhi iliposogea. Haikuanza kwa mlio. Nyasi zilikwenda upande mmoja pamoja na watu waliosimama juu yake, kisha zikarudi kwa nguvu, na wote wakaanguka. Mianzi mteremkoni ililala chini na kuinuka kama nywele zinazochanwa. Kuta za ukumbi zilisimama kwa muda ambao ungetosha mtu kuamini kwamba zitavumilia. Paa likashuka kama kitu kimoja, mlango ukafoka vumbi.

Ilipotulia, watoto ndio waliolia kwanza. Watu walihesabiana kwa kugusana. Shangazi alikuwa ameketi miguu mbele, fimbo yake imevunjika, anautazama ule mlima wa zege kana kwamba kuna mtu aliyemjibu vibaya. Hakuna aliyemshukuru Tusekile. Wawili waliokuwa karibu naye walisogea mbali, jinsi mtu anavyosogea kutoka penye shimo.

Atuganile alimjia, matope hadi magotini.

"Wamepona," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Yeye bado amekufa."

"Ndiyo."

"Siwezi kukuona na kumzika kwa wakati mmoja. Nenda kakae mahali nisipokuona." Alifuta mvua usoni, akageuka, kisha akasimama. "Lakini usifike mbali. Visikizi vyote viko chini ya zege. Ukipiga kelele, tutakusikia."

Tusekile alikwenda ukingoni mwa mianzi, akageukia mteremko, akafungua kipimo. Mshale haukuwa umerudi. Ulikuwa kushoto bado, ukitetemeka.

Mvua ilikuwa imeshika kasi alipohisi mtu nyuma yake. Lwitiko alikuwa na panga mkononi, na wanaume sita au saba nyuma yake, nao na yao. Ilibidi ainame, karibu kinywa chake kimguse sikio, ili mngurumo usimmeze.

"Ukumbi hatuna," alisema. "Wazee wananyeshewa, na ndugu yangu ananyeshewa. Tukate au tusikate?"

Aliutazama mshale. Panga la kwanza likigusa mzizi, asingejua tena lipi ni lipi.

"Msikate."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mshale urudi. Sijui lini."

"Tutalowa."

"Mtalowa."

Lwitiko alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa ambaye leo hakumng'ata. Halafu alilichomeka panga ardhini hadi nusu, akawapungia wenzake mkono warudi, naye akabaki hapo amesimama, mikono mitupu, akiulinda mteremko usikatwe.

Kule uwanjani Atuganile alivua kanga yake ya juu, akaitandaza juu ya jeneza. Wanawake wengine wakavua zao.